Madogo Wanne, Matoleo Manne: Somo la Kuwachezesha Watoto Pamoja

Wanachuo wenzangu, likizo ya Desemba iko mlangoni. Wengi wetu tukifika nyumbani tunapewa cheo ambacho hatukukiomba: fundi wa simu wa ukoo mzima. Haijalishi unasoma sheria, ualimu au uuguzi. Ukishaitwa "wa chuo", simu ya shangazi ikigoma ni yako. Somo hili ni kwa ajili ya kazi moja ambayo lazima utaletewa: watoto wana gemu moja, wana simu tofauti, na gemu inakataa kuwakutanisha. Ni kazi inayoonekana ya kitoto, lakini ndani yake kuna jambo ambalo kozi zetu hulipitia juu juu, nalo ni hili: nani anaachwa nje pale toleo jipya linapoingia, na nani anapaswa kumsubiri mwenzake.

Mfano ninaoutumia ni wa Sengerema, kwa dada yangu, likizo iliyopita.

Hali ilivyokuwa

Watoto walikuwa wanne. Mpwa wangu wa kiume, darasa la sita, alikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba aliyoachiwa na baba yake. Ilikuwa na mfumo wa Ubuntu 18.04 na ndani yake gemu ya Minetest, toleo 0.4.16. Kwa wasioijua, Minetest ni gemu ya kujenga kwa matofali ya mraba, ya mtindo wa Minecraft, ila ni programu huria: hailipiwi, haidai akaunti, wala haihitaji intaneti ukishaipata. Ilianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland. Mpwa wangu alikuwa amejenga mle ndani mwalo mzima: mitumbwi, vichanja vya kuanikia dagaa, na kivuko kilichosimama katikati ya ziwa. Kazi ya miezi.

Dada yake, darasa la nne, alitumia simu ya mama yao wakati mama amerudi dukani. Simu ya zamani, kioo kina nyufa, na ilikuwa na Minetest 5.4.1 aliyorushiwa na jirani. Toleo jipya zaidi ya hapo simu ile ililikataa kabisa. Wa tatu, mdogo wao, alishika simu yangu, ambayo ilikuwa na gemu iitwayo Luanti, toleo 5.10.0. Wa nne alikuwa binamu yao kutoka Mwanza mjini, amekuja likizo na simu mpya yenye Minecraft yenyewe, ile ya kulipia.

Kila mmoja aliweza kucheza peke yake. Walipotaka kuingia kwenye mwalo wa kaka yao, wote watatu walikataliwa. Yule mkubwa wa Mwanza alikuwa na suluhisho tayari: "Anko, wenye simu mbovu waangalie tu, watapata zamu baadaye." Mpwa wangu wa kike hakujibu kitu. Alimrudishia mama yake simu akaenda kukaa nje.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mtoto wa miaka kumi hajui itifaki ni nini. Anachojifunza pale ni kwamba mashine imemkataa kwa sababu simu ya mama yake ni ya zamani. Akirudiwa na hilo mara tano, ataacha kujaribu. Mtaona wengine wa aina hiyo hata humu chuoni, maabara ya kompyuta wanapita mbali.

Kwa nini matoleo hayaelewani

Gemu ya watu wengi ina pande mbili. Kuna seva, yaani mashine inayoshika ulimwengu wa gemu na kuamua nini kimetokea, na kuna wachezaji wanaoungana nayo. Pande hizi hupelekeana ujumbe mfupi mfupi kila wakati: nimesogea hapa, nimeweka tofali pale, nimekichukua kile. Utaratibu wa kuandika na kusoma ujumbe huo ndio itifaki. Watengenezaji wakibadilisha utaratibu, wa zamani na wa sasa hawasomani tena.

Ukitaka kumweleza mtoto, tumia bao. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kujifunza, kete zote hutandazwa tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo. Katika bao la Kiswahili lenyewe, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, na 22 hubaki mkononi za kunamua. Ubao ni uleule na kete ni zilezile. Lakini waketishe wawili, mmoja amezoea hili na mwingine lile, watagombana kabla ya mtu kula hata kete moja. Hakuna asiyejua kucheza hapo, tatizo ni kwamba hawajakubaliana mchezo unaanzaje.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwambia mtoto aliyekataliwa ni kwamba simu yake si mbovu. Simu yake inafuata makubaliano mengine. Kazi yetu ni kutafuta makubaliano ambayo wote wanaweza kuyafuata.

Jina halisemi kitu, soma namba

Wengi hukwama hapa. Wanaangalia jina la gemu, wakiona yanafanana wanadhani yataelewana, wakiona yanatofautiana wanakata tamaa. Angalia hali ya wale watoto wetu.

Minetest 0.4.16 na Minetest 5.4.1 zina jina moja, lakini hazielewani. Toleo 5.0.0 lilipotoka mwaka 2019, itifaki ilibadilishwa kiasi kwamba daraja la kurudi kwenye 0.4 lilikatwa. Kwa upande mwingine, Minetest 5.4.1 na Luanti 5.10.0 zina majina tofauti, na zinaelewana vizuri. Luanti ni Minetest yenyewe. Mradi ulibadilisha jina Oktoba 2024. Wale wa familia ya 5 wanaendelea kusomana, hata kama mmoja ana 5.4 na mwenzake 5.10.

Minecraft nayo ina jambo kama hilo. Kuna matoleo makubwa mawili. La kwanza ni la Java, lile la asili la Markus Persson la mwaka 2009, linaloendeshwa kwenye kompyuta za Windows, macOS na Linux. La pili huitwa Bedrock, limeandikwa kwa lugha ya C++, na ndilo linalokaa kwenye simu na vifaa vya kuchezea gemu. Tangu 2017 hili la simu huandikwa "Minecraft" tu. Mzazi ananunua moja kwa kompyuta na jingine kwa simu, anafika nyumbani, watoto hawakutani. Hajadanganywa jina, jina ndilo halikumwambia kitu.

Basi kabla ya kugusa chochote, chukua karatasi uandike: nani ana kifaa gani, gemu gani, namba gani. Mara nyingi namba iko pembeni ya skrini ya kwanza au kwenye ukurasa wa maelezo ya programu. Dakika kumi za kuandika zitakuokolea mchana mzima wa kubahatisha.

Njia tatu, na gharama zake

Matoleo yasipoelewana, kuna njia tatu.

Ya kwanza ni mkalimani. Kwa Minecraft yupo, anaitwa Geyser. Ni programu huria inayokaa kati ya wachezaji wa Bedrock na seva ya Java, ikitafsiri ujumbe wa huku uende kule. Mwenye simu anaingia kwenye seva ya Java kana kwamba ni yake. Lakini mkalimani ana masharti. Anavusha upande mmoja tu: wa Bedrock wanakwenda kwa Java, wa Java hawaendi kwa Bedrock. Minecraft ikisasishwa, inabidi kungoja Geyser nayo isasishwe. Na lazima pawe na kompyuta yenye nguvu ya kubeba seva, pamoja na mtu wa kuitunza. Sisi wa huku tunaelewa kwa kufikiria kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025: ulivuka, ndiyo, lakini kwa ratiba ya kivuko, na kikiharibika wote mnalala ng'ambo.

Ya pili ni wote kupanda toleo jipya kabisa. Ndiyo njia ambayo sisi wa chuo huikimbilia, kwa sababu simu zetu zinaiweza na waifai ya maktaba ni ya bure. Nyumbani kupanda kuna bei: bando, nafasi kwenye simu, na pengine simu nyingine kabisa.

Ya tatu ni kutafuta toleo la kundi, yaani lile ambalo kifaa dhaifu kuliko vyote kinalimudu na vingine vinaweza kulifikia. Hii haina sifa nyingi, haina ujanja wa kuonyesha watu. Ndiyo tuliyoitumia, na ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi.

Hatua tulizofuata

Tulianza na simu ya mama kwa sababu ndiyo isiyoweza kusogea. Ilikuwa na 5.4.1, basi. Kwa hiyo kundi letu lilikuwa familia ya 5. Simu yangu ilikuwa tayari ndani. Kilichobaki kusogea ni kompyuta iliyokuwa nyuma na simu ya Mwanza iliyokuwa kwenye gemu nyingine.

Hatua ya kwanza: nakala. Mpwa wangu aliposikia neno "kubadilisha" alifunga kompyuta akaikumbatia. "Mjomba, mwalo wangu utafutika?" Swali hilo ni la haki kabisa na halijibiwi kwa "usijali". Tulikaa pamoja tukafungua folda iliyofichwa ya .minetest, ndani yake folda ya worlds, tukanakili mwalo wake kwenye flashi mbili. Moja nikampa aishike mwenyewe. Jueni hili: toleo la familia ya 5 linaweza kufungua ulimwengu uliotengenezwa na 0.4, lakini ulimwengu ukishahifadhiwa na toleo jipya, usitegemee lile la zamani kuusoma tena. Tangu 5.5 hata namna ya kuhifadhi ramani imebadilika. Ni njia ya kwenda bila kurudi. Usimpitishe mtoto njia hiyo bila nakala, hata kama ana haraka.

Hatua ya pili: kuinua kompyuta, kwa kiasi. Ubuntu 18.04 ilikuwa imeshaachwa bila matunzo ya kawaida tangu 2023, na ghala lake la programu lilikuwa na Minetest ya 0.4 tu. Nilikuja na flashi yenye Debian 12 niliyoishusha chuoni, tukaiweka. Ghala la Debian 12 lina Minetest 5.6.1. Si mpya kuliko zote, na haikuhitaji kuwa mpya kuliko zote. Tulirudisha folda ya mwalo mahali pake, mpwa wangu akafungua, mitumbwi ikawa pale pale. Alihesabu vichanja vyote kwanza ndipo akatabasamu.

Angalizo kwa atakayetumia toleo la 5.8 na kuendelea: gemu ya msingi, iitwayo Minetest Game, haiji tena pamoja na programu. Lazima uishushe peke yake, na bila hiyo ulimwengu wa zamani hautafunguka. Fanya hivyo mkiwa bado na mtandao. Ukigundua ukiwa kijijini bila bando, somo limeishia hapo.

Hatua ya tatu: mtandao wa ndani. Simu yangu iliwasha hotispoti, data nikaizima. Vifaa vyote vikajiunga hapo. Hakuna bando linaloliwa, kwa sababu ujumbe hautoki nje ya chumba. Kwenye kompyuta tukachagua kuwa mwenyeji wa seva, tukasoma anwani yake, zile namba nne zenye nukta kati yake, watoto wakaziandika kwenye simu zao pamoja na lango 30000, ambalo ndilo la kawaida la gemu hii. Kila mtoto alijiwekea jina na neno la siri. Mara ya kwanza kuingia ilichukua muda kidogo, kwani seva humpelekea kila mchezaji picha na vitu vya ulimwengu ule. Faida yake ni kwamba nyongeza yoyote iliyowekwa kwenye seva, wenye simu hawana haja ya kuiweka.

Kompyuta ikawa na 5.6.1, simu ya mama 5.4.1, yangu 5.10.0. Namba tatu tofauti, mwalo mmoja. Hawakuhitaji kufanana, walihitaji tu kuwa ndani ya makubaliano yaleyale.

Hatua ya nne ilikuwa ngumu kuliko zote, na haikuwa ya kompyuta.

Nani ashuke

Mtoto wa Mwanza alikuwa na gemu ya kulipia, picha nzuri, simu ya kasi. Minecraft na Luanti hazisemezani, na kompyuta ile haikuwa na Minecraft ya Java wala nguvu ya kubeba seva pamoja na mkalimani. Ili acheze na wenzake ilibidi aweke gemu ya bure ambayo kwake ilionekana ya kimaskini. "Anko, kwa nini mimi nirudi nyuma? Wao si ndio wapande?"

Hoja yake isidharauliwe. Wakubwa wengi wanafikiri hivyohivyo, na wana sababu: dunia ikimsubiri wa mwisho kila siku, hakuna kitakachosonga. Nilichomwuliza ni kitu kimoja tu: kati yenu, nani anaweza kusogea bila kupoteza kitu? Akatazama simu zile. Yeye angeweka programu moja ya ziada na Minecraft yake ingebaki palepale. Simu ya mama isingeweza kwa namna yoyote. Mama yao hawezi kununua simu nyingine ili mtoto acheze gemu, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia anunue.

Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka mwende nayo: anayesogea ni yule ambaye kusogea kunamgharimu kidogo zaidi. Haijalishi ni mwenye simu mpya au ya zamani. Mwenye kompyuta alipanda, mwenye Minecraft alishuka, mwenye simu ya nyufa alibaki alipo. Mkianza na aliye na nafasi ndogo kuliko wote, hesabu yenyewe inawaonyesha wengine waende wapi.

Alikubali kwa shingo upande. Ndani ya saa moja alikuwa anamfundisha binamu yake wa kike namna ya kuchimba chini ya ziwa, na yule binti alikuwa anamkatalia, kwa sauti, kwamba huku kwetu mwalo haujengwi hivyo. Nikawaacha.

Kanuni hii ina mipaka yake. Toleo la zamani linaweza kuwa na matundu ya usalama ambayo hayazibwi tena. Ndani ya hotispoti ya nyumbani, bila intaneti, hatari ni ndogo. Usiifungue seva ya namna hiyo kwa dunia nzima. Na usije ukaitumia hoja hii kwenye programu za fedha: huko toleo jipya ni lazima, hata likileta usumbufu. Na pale ambapo kifaa cha mtoto hakiwezi kwa vyovyote, badilisheni mchezo badala ya kumbadilisha mtoto awe mtazamaji. Zamu za dakika ishirini ishirini kwenye kompyuta zinawezekana. Na umeme ukikatika, bao halihitaji chaji.

Sisi na toleo la kundi

Tukirudi huku chuoni, mara ngapi kazi ya kikundi imefanywa kwenye programu ambayo simu ya mwenzetu mmoja haiwezi kuifungua? Tunamwambia "wewe utatuchangia mawazo", tunaandika jina lake mwishoni, na mhadhiri akiuliza swali yeye hana jibu. Tunasema mvivu. Huenda hakuwahi kuiona kazi yenyewe. Kabla ya kuchagua programu, ulizaneni namba kama tulivyofanya Sengerema: nani ana nini, na nani hawezi kusogea. Faili la kawaida linalofunguka kwenye kila simu ni bora kuliko mtambo mzuri unaofungukia kwa watatu kati ya sita. Na kwa wale wanaosomea kutengeneza programu, kumbukeni kwamba siku mtakapokata daraja la toleo la zamani, upande wa pili kutakuwa na mtoto ameshika simu ya mama yake. Pengine lazima mlikate. Basi mjue mnamkata nani, na mwambieni mapema.

Zoezi la likizo

Kwa atakayependa kujaribu, haya ndiyo mambo ya kufanya ukifika nyumbani:

1. Orodhesha vifaa vya watoto wote, gemu na namba za matoleo.
2. Tambua kifaa kisichoweza kusogea kabisa. Anza na hicho.
3. Tafuta toleo la kundi. Jaribu familia moja ya namba kwanza kabla ya kuwaza mkalimani.
4. Nakili kazi za watoto mahali pawili, na nakala moja ikae kwa mwenye kazi.
5. Shusha kila kitu kinachohitajika ukiwa bado chuoni.
6. Washa hotispoti, zima data, unganisha.
7. Atakayeshuka au kupanda aelezwe kwa nini ni yeye, na aruhusiwe kubisha.

Hilo la saba ndilo watoto watakalolikumbuka baada ya gemu yenyewe kupitwa na wakati. Likizo njema, na mkivuka salama wasalimieni wa nyumbani.